Vitabu vya Kununua Mashamba na Nyumba: Je, Tuvinunue?

(Maneno aliyosema mwanachama mmoja wa karakana ya mabehewa katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa kwa ombi la wanachama.)



Mimi si mwalimu wala wakili. Kazi yangu ni kukagua mabehewa, kama wengi wenu mnavyojua, na shule yangu ilikuwa ya misheni, nikaishia darasa la nane. Lakini kusoma napenda, na katika jambo hili kupenda kusoma ndiko kulikoniponza.

Twaona sote jinsi vitabu hivi vilivyojaa. Vimetandazwa chini kando ya barabara za Nairobi, na siku ya mshahara huletwa mpaka langoni. Jalada lina picha ya ghorofa na funguo. Ndani yake mwandishi asema ya kuwa hata mtu wa mshahara mdogo aweza kuwa na nyumba kumi za kupangisha kabla ya kustaafu. Ndugu zangu, kwa mtu anayelala chumba kimoja na watoto watatu, maneno hayo ni matamu sana.

Mwaka 2021 nilinunua kimoja kwa shilingi 1,500. Jina lake sitalitaja. Nilikisoma usiku kwa usiku mpaka kikaisha. Kiliniambia nisingoje, nikiona shamba la bei nafuu nitoe arubuni upesi kabla mtu mwingine hajalichukua. Nikatii. Nilikopa shilingi 120,000 katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikampa mtu aliyekuwa akikata robo ekari katika shamba lake la mahindi. Tulitia sahihi karatasi mbele ya dalali, tukanywa soda. Mke wangu aliniuliza neno moja tu: "Baba watoto, maji yatatoka wapi?" Nilitafuta katika kitabu, sikuona habari za maji, na badala ya kukikasirikia kitabu nikamkasirikia yeye.

Miezi ikapita. Muuzaji akasema bei imepanda. Nilipokwenda kwa wakili ndipo nikajua habari ambayo haikuwamo katika kurasa zote za kitabu kile. Iko sheria ya mwaka 1967 ya kusimamia ardhi ya kulima. Mahali inapotumika, mapatano ya kuuza shamba la namna hiyo si kitu mpaka Bodi ya Ardhi ikubali, na maombi lazima yapelekwe katika miezi 6 tangu mapatano kufanywa, isipokuwa Mahakama Kuu ikiongeza muda. Sisi hatukupeleka maombi yo yote. Karatasi yangu ilikuwa imekufa zamani. Wakili akaniambia na jambo la pili, la kunifariji: sheria hiyo hiyo yasema pesa iliyolipwa yaweza kudaiwa kama deni. Basi nikaanza kudai. Amekwisha nirudishia 70,000 kwa vipande vipande. Zile 50,000 bado, na wakati huo wote mkopo ulikuwa ukikatwa katika mshahara wangu mwezi kwa mwezi.

Sasa wengine mwasema, basi tusinunue vitabu. Hapana, sisemi hivyo. Kitabu kizuri cha shilingi 1,500 kingeniokolea 120,000. Shida yangu ni kwamba nilikipima kitabu kwa jalada lake. Hata behewa hatulipimi kwa rangi, twainama tukatazama breki.

Kwanza fungua ukurasa wa mbele utafute mwaka kilipopigwa chapa. Changu hakikuwa na mwaka. Jambo hili si dogo. Sheria zetu za ardhi zilibadilishwa sana mwaka 2012, na ile sheria ya zamani ya kuandikisha ardhi ya 1963 ikafutwa. Kitabu kinachokufundisha kwa sheria ile kama kwamba iko hai kinakupoteza. Kodi nazo hubadilika. Kodi ya faida ya kuuza mali, kwa wale wanaopaswa kuilipa, ilikuwa 5 kwa mia tangu 2015, na Januari 2023 ikapandishwa kuwa 15 kwa mia. Kodi ya serikali juu ya nyumba za kupangisha watu, kwa wenye nyumba wa kawaida, ilikuwa 10 kwa mia, ikashushwa kuwa 7.5 kwa mia Januari 2024, nayo hutozwa juu ya pesa yote unayopokea, kabla hujatoa gharama hata moja. Kitabu cha mwaka 2019 hakiwezi kujua hayo. Sikilaumu, lakini nisilipe bei ya kitabu kipya.

Tena tazama kimeandikwa juu ya nchi gani. Vingi vya hivi vina babu zao Marekani. Mwaka 1959 mtu mmoja huko, William Nickerson, alitoa kitabu cha kueleza jinsi alivyogeuza dola 1,000 kuwa milioni moja kwa nyumba za kupangisha, nje ya saa zake za kazi. Mwaka 1980 Robert Allen akatoa chake juu ya kununua nyumba kwa malipo kidogo ya kwanza au bila malipo hayo. Sisemi watu hao walidanganya. Waliandika juu ya benki zao na sheria zao, ambako mtu huweza kukopa nyumba kwa miaka 30 kwa riba isiyobadilika. Kitabu cha namna hiyo hakijui Bodi ya Ardhi. Hakijui kuwa sheria yetu ya kazi ya mwaka 2007 hairuhusu mshahara ukatwe zaidi ya theluthi mbili. Wala hakijui kuwa nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila mwenzako kukubali. (Hapo wanawake walipiga makofi.)

Lakini hasa nawaomba mtafute hesabu. Kila kitabu cha namna hii kina hesabu mahali fulani, nanyi hesabu mwajua. Changu kilisema hivi: jenga vyumba 10, kila kimoja shilingi 4,000 kwa mwezi, hiyo ni 40,000, na kwa mwaka ni 480,000. Hapo kikanyamaza, kikaanza kusifu. Haya, tuendelee sisi. Tuseme umekopa milioni tatu kwa riba ya 14 kwa mia. Riba peke yake mwaka wa kwanza ni 420,000. Kodi ya serikali ya 7.5 kwa mia ni 36,000. Imebaki 24,000. Hujalipa mlinzi, hujazibua choo, hujalipa maji, hujampata mpangaji aliyehama usiku bila kulipa, na deni lenyewe hujaligusa hata senti. Vyumba viwili vikikaa bure miezi miwili, umepungukiwa na 16,000. Mwandishi asiye na chumba kisicho na mpangaji katika kitabu chake hajawahi kuwa mwenye nyumba, au amewahi na anatuficha.

Na yeye mwenyewe mwandishi anakula wapi? Changu kilikuwa na nambari ya simu nyuma, ya kuuliza ploti. Nilipiga. Walikuwa na ploti. Basi lile lilikuwa tangazo, nami nililipa ili nitangaziwe.

Kipo kingine nilichoazima baadaye kwa rafiki yangu wa stesheni. Kina picha mbaya na karatasi hafifu, lakini mwandishi ameandika sura nzima juu ya shamba alilopoteza. Ameeleza jinsi ya kwenda ofisi ya ardhi kuhakikisha jina lililoandikwa katika daftari, na kumchukua mpima ardhi aonyeshe mawe ya mipaka kabla ya kutoa arubuni. Hicho ningekinunua. Lakini kwanza ningeuliza katika maktaba ya taifa, na sheria zenyewe zasomwa bure katika mtandao wa Kenya Law.

Kile kitabu changu nimemwachia Bwana Katibu. Nimekiandika kwa penseli pembeni, kila mahali ambapo hakikusema kitu. Mwenye kutaka kununua cha namna hiyo aende akione kwanza, na akimaliza akirudishe, kwa maana ukurasa wa hesabu mtu ameuchana tayari.