Mazungumzo juu ya Mfuko wa Bastola Kazini Shambani

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mfuko wa bastola, yaani ala ambayo wakulima na wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani huvaa wakiwa kazini. Huenda mtu akauliza, Jambo hili latuhusu nini? Twajibu: kila avaaye panga au sime kiunoni ana shida moja na watu hao, nayo ni kuchukua kitu cha hatari kutwa nzima, hali mikono miwili ina kazi nyingine.

Mkulima wa huko hafuati vita. Hutengeneza ua wa senyenge, hulisha wanyama, huzibua mifereji. Bastola yake ni ya nyoka mwenye njuga mkiani, au ya kumpumzisha ng'ombe aliyevunjika mguu mbali na nyumbani.

Kwanza, hapana budi mfuko ufunike kabisa mahali pa kidole. Neno hili twalishika kuliko mengine yote. Kijiti au kamba ya koti ikiingia pale, bastola yaweza kulia wakati mtu airudishapo, na risasi ikampata pajani. Mfuko wa ngozi uliochakaa ni hatari vilevile, maana ukingo wake hujikunja ndani; na ajabu ni kuwa mwenyewe huupenda huo kuliko mpya.

Tena kuna kuanguka. Bastola ya Colt ya mwaka 1873 ina vyumba sita vya risasi, lakini wenye busara walitia tano tu, nyundo ikalala juu ya chumba kitupu. Kwani ikianguka juu ya jiwe, nyundo yaweza kupiga fataki. Mwaka 1973 kiwanda cha Ruger kilianza kutia katika bastola za namna hiyo kipande cha chuma kizuiacho jambo hili, lakini za zamani zingaliko mikononi mwa watu. Basi mfuko na uwe na ukanda wa kufunga juu, au kifuniko kama cha askari. Wengine hunung'unika kwamba kifuniko hukawiza. Na kikawize! Bastola iliyopotea majanini huenda ikaokotwa na mtoto.

Aendaye kwa miguu huvaa kiunoni. Aketiye juu ya trekta huona mpini wamchoma mbavu, kwa hiyo wengi huvaa kifuani, kama wafanyavyo wavuvi wa Alaska waogopao dubu, ambao maji ya mto huwafika kiunoni.

Ngozi iliyo bora ni ile iliyolainishwa kwa magome ya miti, kama magome ya miwati tuyajuayo, kwa kuwa hushika umbo lake. Lakini ngozi hunywa mvua na jasho. Bastola ikilala ndani yake hupata kutu, na risasi za shaba hutoka ukoga wa kijani. Siku hizi iko mifuko ya plastiki ngumu iitwayo Kydex. Hiyo hainywi maji wala hailegei, ila mchanga ukiingia hukwaruza chuma.

Anunuaye mfuko hutoa kwanza risasi zote, akahesabu vyumba vitupu kwa macho na kwa kidole, akatia bastola, akafunga ukanda, kisha akainama, akaruka, akapanda ua. Ikitoka, mfuko huo haununui.