Ndege Aliyesemewa Uongo Mara Tatu

 

Katika zile amri kumi alizopewa Musa mlimani, iko moja inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi tunafikiri ni amri ya tribinali tu, siku mtu anaposimama mbele ya jaji. Lakini ushahidi tunautoa kila siku: kisimani, sokoni, kwenye telefone, hata katika maombi. Leo tutajifunza amri hiyo kwa njia ya ndege mmoja, kwani Bwana wetu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake wawaangalie ndege. Huyu wa leo hayuko Kongo. Anaitwa kukabura, na makao yake ni Australia, kule ilikotoka mikaratusi tunayopanda kwa ajili ya mbao na makaa.

Kwanza tumjue. Kukabura ni wa jamaa moja na mdiria, yule ndege wa ziwa Kivu na Tanganyika anayesimama hewani juu ya maji, kisha anajitupa na kutoka na samaki. Waliosoma Kifaransa wanamwita martin-pêcheur. Katika jamaa hiyo kukabura ndiye mkubwa: urefu wake unapita sentimita 40, kichwa ni kikubwa na cheupe, chenye mstari wa kahawia penye jicho, na mdomo ni mnene wenye nguvu. Lakini samaki anamla kwa nadra. Anakaa kimya juu ya tawi, anatazama chini, kisha anashuka ghafula juu ya panzi, mjusi, panya au nyoka. Nyoka anampigapiga kwenye tawi mpaka alegee, ndipo anammeza.

Jina lake limetoka katika lugha ya Wiradjuri, wenyeji wa zamani wa Australia. Wao walimwita kwa kufuata sauti yake, kama walivyomsikia. Waliokuja nyuma ndio walioanza kumsemea uongo.

Uongo wa kwanza ni wa mahali anapotoka. Mwaka wa 1776 msafiri Mfaransa, Pierre Sonnerat, alitoa kitabu cha safari ya New Guinea, kisiwa kikubwa kilicho kaskazini ya Australia. Akasema ndege huyu alimpata huko. Wapendwa, Sonnerat hakukanyaga New Guinea, na ndege huyo haishi huko. Mwaka wa 1783 mtaalamu mmoja, Johann Hermann, akategemea maneno hayo, akampa ndege jina la kisayansi: novaeguineae, maana yake “wa New Guinea”. Sheria ya wataalamu inataka jina la kwanza lidumu, basi mpaka leo linaandikwa hivyo. New Guinea ina makukabura wengine, kama yule mwenye tumbo jekundu, lakini huyu aliyebeba jina lake hayumo. Tuangalie vizuri: Hermann hakukusudia kudanganya. Alipokea neno la mtu aliyejifanya shahidi, akalipitisha mbele. Hata hivyo uongo uliopita mkononi mwake umeishi zaidi ya miaka 200.

Uongo wa pili unatugusa sisi. Tangu miaka ya 1930 Wamarekani walitengeneza sinema za Tarzan, wakidai zinaonyesha pori la Afrika. Walipotaka sauti ya kuogopesha, waliweka kilio cha kukabura. Watu wa dunia nzima wakakisikia, wakasema: “Kumbe msitu wa Afrika unalia hivyo!” Sisi tulio na msitu mkubwa kuliko nchi nyingi tunajua kwamba ndege huyo hajawahi kuishi kwetu. Lakini hakuna aliyetuuliza.

Uongo wa tatu ni wa kicheko. Sauti ya kukabura huanza chini, kama mtu anayezuia kucheka, kisha inapanda mpaka kuwa kama kundi la watu wanaoangua kicheko. Anayemsikia mara ya kwanza anasema ndege huyu anafurahi, au anatucheka. Sivyo. Anatangaza mpaka. Alfajiri na jioni mmoja anaanza, jamaa yote inaitikia, vichwa vimeinuliwa juu, wakiwaambia majirani: shamba hili lina wenyewe, msivuke. Na majirani wanajibu kutoka upande wao. Masikio yalisikia vizuri. Moyo ndio uliofasiri vibaya.

Sasa tuingie nyumbani mwake, maana hapo shahidi anapimwa. Kukabura dume na jike wanashikamana maisha yao. Wanataga ndani ya tundu la mti mkubwa, au katika kichuguu cha mchwa kilichojengwa juu ya mti, mara nyingi mayai matatu. Watoto wakikua, wengi hawaondoki upesi. Wanabaki na wazazi mwaka, miaka miwili, hata zaidi, wakisaidia kulalia mayai, kulisha wadogo zao na kulinda mpaka. Mhubiri akiishia hapa, atapata amina nyingi.

Lakini hiyo ni nusu. Mtafiti Sarah Legge alichunguza viota hivyo huko Australia, na mambo yanayotendeka mle ndani yameandikwa. Vifaranga hawaanguliwi pamoja. Wa kwanza anatangulia kupata nguvu. Kila mmoja anazaliwa uchi, hana macho, lakini nchani mwa mdomo wake wa juu ana ndoano kali. Chakula kikipungua, wakubwa wanamshambulia mdogo kwa ndoano hiyo, na mara nyingi anakufa akiwa na siku chache tu. Baadaye ndoano inapotea. Na yule aliyemuua ndugu yake kiotani anaweza kuwa ndiye anayeleta mjusi mdomoni mwaka unaofuata, kuwalisha wadogo zake wengine.

Tuseme lipi? Tuseme yote mawili. Shahidi anayechagua nusu inayompendeza naye amesema uongo.

Wapendwa, tumeleta habari hii kwa sababu hapa kwetu ulimi unaua. Tunajua radio trottoir inavyofanya kazi. Neno lisilo na mwenyewe linaingia kwenye telefone usiku, na kabla ya mapambazuko kartye nzima imebeba magodoro na watoto, watu wanakimbia adui ambaye hakuna aliyemwona. Au kabila la jirani linatajwa, na vijana wanashika mawe.

Na tuseme lililo gumu zaidi, kwa sababu linatokea hata makanisani. Mtoto anacheka usingizini, au anakojoa kitandani, au baba amepoteza kazi tangu mtoto huyo alipoletwa nyumbani. Mtu anasema, “Huyu ni mchawi.” Sauti imesikika kweli, lakini tafsiri imetoka katika hofu. Mtoto ananyimwa chakula, anafukuzwa, analala sokoni. Jina hilo halimtoki tena, kama vile ndege wa Australia asivyotokwa na jina la New Guinea. Tofauti ni kwamba ndege hana habari ya jina lake. Mtoto anayo.

Basi tujiulize mambo matatu kabla ya kufungua kinywa. Je, tumeona sisi wenyewe, au tumepokea kwa Sonnerat? Je, tunasema tulichosikia, au tunachodhani kina maana hiyo? Je, tumesema yote, au nusu inayotufaa? Tukikosa jibu, tunyamaze kwanza. Kukabura mwenyewe anakaa kimya juu ya tawi kwa muda mrefu, akitazama, kabla ya kushuka.

Na kama kuna mtoto katika nyumba yenu aliyepewa jina hilo baya, wiki hii aitwe mezani, aitwe kwa jina alilopewa na wazazi wake, ale pamoja na wengine.

Bwana alinde vinywa vyetu, atufanye mashahidi waaminifu. Amina.