Kibao cha SOS: maneno tuliyosema kwa vijana wa Panda mbele ya msimu mpya wa rali ya Afrika



Tunajua wengine wameshangaa. Vijana hawa wanaosema kila siku juu ya maji na courant, leo wanatuita juu ya motokari za mashindano? Ndiyo. Msimu mpya wa mashindano ya rali ya Afrika unakaribia, na hapa kwetu watu wanafuata. Tunaangalia video kwa telefone, tunabishana mpaka usiku: Karan Patel wa Kenya, aliyechukua taji 2023 na kulichukua tena 2024, ao Leroy Gomes wa Zambia, bingwa wa 2022? Wengi kati yetu tuko upande wa Gomes, juu Zambia ni hapa tu, unavuka Kasumbalesa umefika.

Mashindano haya si ya jana. Yalianza 1981, chini ya FIA, shirika la dunia la mchezo wa motokari, na bingwa wa kwanza alikuwa Shekhar Mehta wa Kenya. Jirani zetu wamekwisha kuyapokea: Zambia, Tanzania, Uganda na Pearl of Africa Rally, Rwanda na Mountain Gorilla Rally. Ukiangalia karte, wanatuzunguka. Njo maana swali linarudi kila mara kati ya vijana: juu ya nini hazipiti kwetu? Vumbi tuko nalo. Milima iko. Mashofere wenye roho ngumu, hao ndio hatukose!

Mutu anajibu haraka: ni feza. Ni kweli, motokari moja ya Rally2, zile zinazokimbia mbele, inauzwa feza nyingi sana. Lakini hata mutu akitupatia kumi bure, rali haiwezi kuanza. Mbele shofere wa kwanza hajaondoka, barabara inafungwa. Watu wanasogezwa mbali na kona. Daktari na ambulansi wanasimama tayari pale pa kuanzia. Ikiwa ambulansi imeondoka na majeruhi na ingine haiko, mashindano yanasimama mpaka ingine ifike.

Na kuna kitu kingine, kidogo sana, tunataka mukishike vizuri. Ndani ya kila motokari ya rali kuna kibao. Upande mumoja kimeandikwa OK, upande mwingine SOS, kwa rangi nyekundu. Ukianguka na uko muzima, unaonyesha OK, wenzako wanapita. Ukionyesha SOS, motokari inayokuja nyuma inapashwa kusimama. Haiulizwi kama shofere wake anaongoza mashindano, haiulizwi kama ni adui yako. Anasimama, anashuka, anasaidia. Wa pili anayefika anaendelea mpaka fasi yenye radio, anatoa habari. Kisha, dakika alizopoteza yule aliyesimama, waamuzi wanaweza kumurudishia. Sheria yenyewe imefikiri juu yake, asiumie sababu ya wema wake. Tena motokari ikiharibika, hata kama iko inje ya njia, shofere anaweka triangle nyekundu metre 50 nyuma, ili anayekuja aone.

Sasa turudi kwetu.

Kutoka Lubumbashi mpaka hapa ni kama kilometre 120. Kamio za madini zinatoka Kolwezi, zinapita Likasi, zinashuka Kasumbalesa, usiku na muchana. Kamio ikikufa njiani, triangle yake ni nini? Ni matawi ya miti. Munacheka, lakini mumeyaona. Usiku, mvua inanyesha, tawi la majani liko chini ya gudroni, na kijana wa manseba anakuja na watu wawili nyuma, bila kasque, taa moja. Hatutataja majina hapa, sababu mama zao wengine wamekaa kati yetu. Na pale walipoanguka, motokari ngapi zilipita? Watu hawakupita juu ya roho mbaya. Waliogopa. Ukimubeba majeruhi, utaulizwa ni weye uliyemugonga. Hospitali utaombwa caution. Kwetu, yule anayesimama ndiye anapoteza.

Wengine watasema: basi tuombe rali ije, ikuje na ambulansi yake. Hapana. Rali inakaa siku tatu, inaondoka, na ambulansi inaondoka nayo. Sisi tunabaki na barabara.

Tunaomba vitu vichache. Kamio yote ipite na triangle mbili, na ziangaliwe pale pa peaje, kwani pale wote wanasimama kulipa, hakuna kazi ya kuwatafuta. Feza ya peaje itoe ambulansi moja inayokaa Likasi juu ya barabara tu. Na mutu aliyeleta majeruhi hospitali asishikwe, asiombwe feza. Atoe ushahidi wake, aende nyumbani.

Upande wetu pia kuna kazi. Ba manseba, kasque mbili kwa kila moto, yako na ya abiria. Tutaomba watu wa Croix-Rouge watufundishe namna ya kuzuia damu na kumulaza majeruhi. Na nyinyi ba soudeur na ba ajusteur, watoto na wajukuu wa watu wa Ateliers za Panda: mikono hii inaweza siku moja kuhudumia motokari za rali, kweli tunaamini, lakini wiki hii mutukatie triangle za mabati. Rangi tutachanga.

Barua iko hapa juu ya meza, kwa kifaransa na kwa kiswahili. Asiyejua kusoma tutamusomea yote mbele ya kutia kidole. Siku ya tatu ya juma, saa tatu asubui, tutaipeleka kwa miguu mpaka kwa meya, bila jiwe, bila matusi. Tutatembea kando ya gudroni, vijana wawili metre 50 mbele na wawili metre 50 nyuma, kila mumoja na triangle yake.