Mgongo Utulie, Tumbo Lisiumie: Mhadhara wa Umma Juu ya Dawa Zinazotoa Nitriki Oksaidi

Usiku usio na mbalamwezi ndio usiku wa kazi kwa mvuvi wa dagaa. Taa huwashwa majini, wavu huteremshwa na kuvutwa tena na tena hadi kunapambazuka. Huku nchi kavu, Ilagala, kando ya Mto Malagarasi unapokaribia kuingia Ziwa Tanganyika, kuna wakamuaji wa mawese na wakulima wa mihogo ambao migongo yao nayo haina likizo. Wote hao hukutana mbele ya duka la dawa muhimu, na mara nyingi hutoka na dawa ileile: diklofenaki, au ndugu yake ibuprofeni.

Maumivu hutulia. Hilo halina ubishi. Shida huanza mtu anapoifanya dawa ya siku tatu kuwa ya miezi mitatu, tena kabla ya kula. Tumbo huanza kuwaka, na kwa wengine choo hutoka cheusi kama lami, dalili kwamba damu inavuja ndani. Cha ajabu ni kwamba madhara hayo yanatoka palepale inapotoka nafuu.

Mwaka 1971, John Vane, akifanya kazi London, alionyesha kwamba aspirini na dawa za jamii yake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kemikali hizo ndizo zinazochochea maumivu na uvimbe kwenye kiungo kilichoumia. Lakini tumboni zina kazi nyingine kabisa: huhimiza ute unaofunika ukuta wa tumbo, hupunguza makali ya asidi na kupitisha damu ya kutosha. Dawa haijui kuchagua. Inazizima za mgongoni na za tumboni pamoja. Kwa ugunduzi huo Vane alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982.

Wataalamu walijaribu kuifundisha dawa kuchagua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilifahamika kwamba kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini kina aina mbili, na zikabuniwa dawa zinazolenga ile inayohusika zaidi na uvimbe. Maarufu kati yao ilikuwa Vioxx. Tumbo lilipumua, moyo ukalipa: Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa sokoni duniani kote, baada ya utafiti kuonyesha kwamba waliotumia kwa muda mrefu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi.

Njia nyingine ilikuwa ya werevu zaidi. Badala ya kuchagua cha kuzima, kwa nini dawa isibebe yenyewe ulinzi inaolinyang'anya tumbo? Nitriki oksaidi ni gesi ambayo mwili huitengeneza na ambayo hudumu kwa sekunde chache tu. Hutanua mishipa, huongeza ute wa tumbo na kuzuia chembe nyeupe za damu zisigande kwenye kuta za mishipa. Waliogundua kazi yake katika mishipa, Furchgott, Ignarro na Murad, walituzwa Nobel mwaka 1998. Miaka minne kabla ya hapo, John Wallace wa Calgary, Kanada, na wenzake walikuwa wameshaiunganisha diklofenaki na kijenzi kinachotoa gesi hiyo. Panya waliopewa mchanganyiko huo hawakupata vidonda kama wale wa diklofenaki ya kawaida.

Kampuni ya NicOx ya Ufaransa ikafanya vivyo hivyo kwa naprokseni, dawa nyingine ya jamii hiyohiyo. Ilitumia mnyororo wa kaboni nne, upande mmoja umeshikamana na dawa, upande wa pili umebeba naitreti. Mwilini vimeng'enya hukata mnyororo, naprokseni ikabaki na kazi yake, gesi ikatoka taratibu. Miligramu 750 za dawa hiyo mpya, naproksinodi, hutoa naprokseni sawa na miligramu 500. Kwenye karatasi ni kazi ya fundi hodari.

Binadamu, hata hivyo, si panya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, baada ya wiki sita asilimia 9.7 ya waliomeza dawa mpya walipata vidonda, dhidi ya 13.7 kwa naprokseni ya kawaida. Tofauti ipo, lakini haikutosha kitakwimu kuitwa ushahidi. Shinikizo la damu lilionyesha matumaini zaidi, maana naprokseni ya kawaida hulipandisha. Julai 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuiidhinisha, ikitaka uthibitisho wa muda mrefu kuhusu moyo na tumbo. Aspirini ya aina hiyo nayo ilikwama, kwa wasiwasi kwamba moja ya mabaki yake lingeweza kudhuru chembe za urithi.

Afrika Mashariki inaifahamu gesi hii kwa njia nyingine. Mwaka 1996 Nicholas Anstey na wenzake, akiwemo Profesa Esther Mwaikambo, walichapisha utafiti wa watoto wa Tanzania: kadiri malaria ilivyokuwa kali, ndivyo nitriki oksaidi ilivyopungua mwilini. Ikadhaniwa kwamba mgonjwa akiongezewa gesi hiyo, atapona. Huko Jinja, Uganda, watoto 180 wenye malaria kali walishirikishwa katika jaribio, baadhi wakivutishwa gesi hiyo pamoja na dawa za kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuonyesha faida iliyotarajiwa. Wazo zuri lilipimwa kwa haki, na jibu likawa hapana.

Kemia yenyewe haikufa. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tone la macho la presha ya jicho linalotoa nitriki oksaidi, lililoanzia kwa NicOx hiyohiyo. Ila kidonge cha mgongo cha namna hii bado hakijafika dukani.

Kwa hiyo mvuvi na mkamuaji wa mawese wategemee yaliyothibitishwa: dozi ndogo, siku chache, na baada ya chakula. Aliyewahi kuugua vidonda vya tumbo amwambie mtoa dawa kabla ya kulipa, aulize kuhusu parasetamoli, au omeprazoli ya kulinda tumbo ikiwa daktari ameona diklofenaki ni lazima. Na choo kikiwa cheusi, asisubiri asubuhi; aende kituo cha afya usiku huohuo.