Mchungaji, Tabibu na Mgonjwa Mmoja



Historia ya tiba ya akili nchini Tanzania haielezeki bila kulitaja kanisa, kwani huko Lutindi, katika milima ya Usambara, kituo kilichoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani kiligeuka baadaye kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miaka mingi kabla ya Hospitali ya Mirembe ya Dodoma kufunguliwa mwaka 1927.

Hata leo, kijana anapoanza kusikia sauti zisizosikiwa na wengine au kushikilia kuwa ni kweli mambo yasiyokuwapo, hali ambayo wataalamu huiita saikosisi, familia nyingi humpeleka kwanza kwenye maombi, na uamuzi huo haufai kubezwa, maana mchungaji yuko karibu, anaijua nyumba hiyo na huwasikiliza wenye uchungu bila kutazama saa. Kinachoumiza ni muda unaopotea, pale siku za mfungo zinapogeuka miezi na mgonjwa, kwa kuhofiwa, anapotiwa minyororo.

Utafiti ulioongozwa na Profesa Oye Gureje nchini Nigeria na Ghana, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba wagonjwa wa saikosisi waliohudumiwa kwa ushirikiano wa waganga wa jadi, viongozi wa dini na wahudumu wa afya ya msingi walipata nafuu zaidi ya wale waliopata huduma ya kawaida. Utafiti mwingine, uliofanyika katika kambi moja ya maombi nchini Ghana, ulibaini kuwa dawa zilipunguza dalili ila siku za kufungwa minyororo hazikupungua, jambo linalopaswa kuwakosesha viongozi wa dini usingizi, kwa kuwa ufunguo wa minyororo hiyo umo mikononi mwao.

Kwa hiyo rufaa, yaani kumkabidhi mgonjwa kwa mhudumu mwingine kwa barua na ufuatiliaji, haina budi kwenda pande zote mbili: mchungaji amfikishe mgonjwa kituoni katika juma la kwanza, naye tabibu amrudishe usharikani akiwa na dawa, tarehe ya kliniki na maelezo ya dalili za hatari. Muumini asiambiwe kamwe aache dawa ili kuthibitisha imani yake, wala ugonjwa wake usitangazwe ibadani kama ushuhuda pasipo ridhaa yake.

Kwa maneno hayo, mafunzo ya pamoja ya wachungaji na wahudumu wa afya yanatamkwa kuwa yamefunguliwa rasmi.