Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe: Shamba, Ngoma na Kumbukumbu za Songea kwa Wasafiri

Somo la redio kwa watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya kusikiliza. Ajuaye kusoma na awasomee wenzake kwa sauti, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.

Natumaini mmekwisha kukusanyika, na mwenye daftari amelifungua.

Somo letu la leo lahusu wageni. Sisemi juu ya wageni wa ukoo, wanaokuja arusini au matangani. Hao twajua kuwapokea tangu utoto wetu. Nasema juu ya wasafiri: watu watokao Dar es Salaam, Nairobi, Ulaya au Japani, wakafika hapa Songea na kuuliza, "Je, hapa kwenu pana nini?"

Mara nyingi twawajibu kwa kuwaketisha vitini. Kikundi cha ngoma huletwa, hucheza nusu saa, picha hupigwa, na wageni huondoka. Lakini wasafiri wengi wa siku hizi hawaridhiki na kutazama tu. Wanataka kufanya: kushika mchi, kufyeka majani, kujifunza hatua ya ngoma na kula chakula walichokisonga wenyewe.

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii twaitumia kumkumbusha mgeni aliyekaa mno. Leo tuitazame kwa upande mwingine. Aliyelima pamoja nawe amekujua kuliko yule aliyesimama kando akikutazama ukilima. Basi maswali yetu leo ni mawili. Je, tumpe mgeni kazi gani? Na ni jambo gani ambalo tusimpe alichezee?

Jembe la Umatengo

Tuanze na jembe lenyewe. Wengi wenu mnaijua milima ya Mbinga. Wamatengo wanalima kwenye miteremko mikali, na bado udongo wao hauchukuliwi wote na mvua. Siri yake ni ngolo. Mvua za masika zikiwa zinaendelea, mkulima hufyeka majani marefu na kuyaacha yanyauke. Kisha huyapanga chini kwa mistari inayokatana, hata shamba lote likawa miraba. Halafu udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya majani. Hapo pamebaki shimo katikati na matuta pande zote nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na baadaye zamu ya mahindi hufika. Majani yaliyofukiwa huoza yakawa mbolea, na shimo hupokea maji na udongo unaoteremka.

Elimu hii ni ya zamani, nayo imewavuta wataalamu kutoka mbali. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walikuja Mbinga pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, wakajifunza ngolo kwa wakulima wenyewe. Watu wenye shahada waliuliza, na mkulima akafundisha.

Basi msafiri afikaye mwezi wa Machi anaweza kufundishwa ngolo asubuhi moja. Mpeni mraba mmoja, si shamba zima. Mwenye shamba asimame naye amwelekeze. Atakosea, nanyi mtacheka, naye atacheka. Lakini akirudi kwao atajua kwa nini mlima ule haujawa jabali tupu.

Ngoma ya kuingia

Sasa tuje kwenye ngoma. Wangoni wana lizombe. Kando ya Ziwa Nyasa wanawake wana kioda, na wanaume wana mganda. Mganda una jambo la kutufunza. Wachezaji hujipanga safu kama askari, wamevaa nadhifu, nao hugeuka kwa pamoja kama kwamba pana amri. Hayo si ajabu, maana asili yake imechanganyika na gwaride la askari na ngoma ya beni, zilizoenea nchi hizi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia vya 1914 hadi 1918 na baada yake. Babu zetu waliliona gwaride la wageni, wakalichukua, wakalitia ngoma na nyimbo zao, likawa lao. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba ngoma huharibika mara tu ikiguswa na mgeni. Huharibika mwenyewe anapoacha kuitawala.

Kutawala maana yake nini? Tazameni Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenye Mwaka Kogwa wa mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba ili waumalize ugomvi wa mwaka uliopita, kibanda huchomwa moto, na wanawake huimba. Siku hiyo mgeni ni baraka, naye hukaribishwa chakula. Lakini taratibu za siku zimeshikwa na wenyeji. Mgeni haji akasema, "Kichomeni kibanda saa kumi, maana gari langu linaondoka."

Hapa kwetu pia tumewahi kujaribu. Tamasha la Majimaji Selebuka lilikusanya Songea mbio za miguu, mbio za baiskeli na vikundi vya ngoma za asili. Wakimbiaji na wapanda baiskeli hawakuja kutazama tu. Walitoa jasho lao katika barabara zetu.

Wiki moja ya Agosti huko Japani

Wajapani wameishi na swali letu kwa muda mrefu, maana wana sherehe nyingi na wasafiri wengi. Nataka niwaonyeshe miji yao miwili katika wiki moja ya mwezi wa Agosti.

Mji wa kwanza ni Aomori, upande wa kaskazini. Kuanzia tarehe 2 hadi 7 Agosti watu hutembeza masanamu makubwa ya karatasi yenye taa ndani. Sherehe hiyo huitwa Nebuta. Mbele ya masanamu huenda wachezaji wanaorukaruka, na mgeni yeyote aweza kuruka pamoja nao. Sharti ni moja: avae vazi la wachezaji. Asiye nalo hulikodi mjini. Kwa sharti hilo mgeni huheshimu mchezo, na mwenye kukodisha nguo hupata riziki.

Mji wa pili ni Hiroshima. Tarehe 6 Agosti 1945 Wamarekani waliuangushia mji huo bomu la atomiki. Kila mwaka, tarehe hiyo, saa mbili na robo ya asubuhi kwa saa yetu, watu husimama kimya. Hapo hapana mgeni anayerukaruka. Lakini jioni, taa za karatasi huelezwa juu ya mto, na wageni hushiriki. Kila mmoja huandika neno lake la amani kwenye karatasi ya taa, huiweka majini, nayo huchukuliwa na mto.

Angalieni, wasikilizaji. Ni nchi moja na wiki moja. Kwa Aomori mgeni hupewa vazi akaruke. Kwa Hiroshima hupewa ukimya asubuhi na taa jioni. Mahali pote pawili anafanya kitu kwa mwili wake, na mahali pote pawili wenyeji ndio waliochagua.

Tarehe 27 Februari

Hapo ndipo tunaporudi nyumbani, kwenye jambo zito la somo letu. Mwaka 1905 watu wa kusini waliinuka kupigana na utawala wa Wajerumani, na vita vya Majimaji vikaendelea hata 1907. Tarehe 27 Februari 1906, hapa Songea, Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni. Kumbukumbu yetu huwataja mashujaa 67. Miongoni mwao alikuwa Nkosi Mputa Gama. Mama Nkomanile wa Kitanda hukumbukwa kuwa mwanamke aliyenyongwa pamoja na wanaume hao. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, aliuawa peke yake, na ukoo wake wadai kichwa chake, kinachosadikiwa kuwa kilichukuliwa kikapelekwa Ujerumani.

Makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa mwaka 1980 mahali penye makaburi hayo, na kila mwezi wa Februari tunakusanyika kuwakumbuka. Mnamo tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na watu wa ukoo wa Songea Mbano na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa.

Sasa, siku za kumbukumbu hizo ngoma huchezwa pia. Msafiri asiyejua akifika huona ngoma, huona watu wengi na vibanda vya biashara, akadhani ni sikukuu kama sikukuu nyingine. Hujipiga picha akicheka karibu na kaburi. Tukimkasirikia, tumemwonea, kwa kuwa hapana aliyemwambia. Kosa si kuwa na ngoma. Kwetu kilio na ngoma vimejuana tangu zamani. Kosa ni kutomwonyesha mgeni mpaka: hapa ni kaburini, nyamaza, pale ni uwanjani, ingia ucheze.

Tena ukimya peke yake hautoshi. Mgeni apewe jambo la kufanya, kama ile taa ya Hiroshima. Pengine abebe ua moja hadi kaburini. Pengine afundishwe jina moja la shujaa, kwa matamshi sahihi, alitamke. Pengine wazee wataona lililo bora. Mimi siwezi kuwaamulia. Wenye makaburi ni ninyi.

Mambo ya fedha na adabu

Yako malalamiko kwamba kumpokea msafiri kwa malipo ni kuuza mila. Malalamiko hayo yana sababu. Lakini mwalimu akilipwa hajauza elimu. Aibu iko pale mila inapokatwa vipande ili kumfurahisha mwenye fedha, au mmoja anapopokea fedha za kumi. Basi shikeni haya:

1. Bei ipatanwe kabla ya mgeni kufika, nayo iandikwe katika daftari la kikundi.

2. Mgawo ujulikane na wote: mpiga ngoma, mchezaji, mwenye shamba na mama aliyepika.

3. Mgeni aombe ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, na aliyekataa asishurutishwe.

4. Watoto wasitolewe darasani kwenda kucheza ngoma.

5. Msimulizi asitunge historia ili kumpendeza mgeni. Habari ya kweli ya Songea yatosha.

Maswali ya mazungumzo

Kwanza, kijijini kwenu ni kazi gani ya mikono mgeni aweza kujifunza kwa asubuhi moja, na nani atamfundisha?

Pili, ni ngoma ipi mgeni aweza kuingia, na avae nini?

Tatu, ni jambo gani ambalo mgeni asilione kabisa, na kwa nini?

Nne, siku ya 27 Februari tumpe mgeni kitu gani mkononi? Swali hili waulizeni wazee kwanza, kisha vijana, kabla hamjaandika jibu.

Andikeni majibu katika daftari la kikundi, mlete tutakapokutana tena. Hadi hapo, wasikilizaji wetu, kwaherini.