Baada ya Harambee, Mtoto Amuulize Nani Huko Chuoni?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Mundika)

Tulipoombwa tuseme juu ya elimu ya chuo kikuu, tuliwaona wengine wenu mkishika mifuko. Msiwe na wasiwasi, leo hatukuja na bakuli la mchango. Tumekuja kusema juu ya kitu ambacho hakiuzwi, lakini kutokukijua kulitugharimu sana sisi wenyewe.

Kikundi chetu kilikuwa na mzunguko wa mabati. Kila mwezi tulichanga, na zamu ya mama ikifika, nyumba yake inaezekwa. Kijana wetu mmoja alipoitwa chuo kikuu, akina mama watatu waliokuwa wanangoja zamu walisema, "Wacha nyasi ikae mwaka mwingine, mtoto aende." Basi akaenda. Tulimsindikiza kwa nyimbo na maombi. Tangu siku hiyo, kila alipokuja likizo, tulimwuliza maswali mawili tu: Unakula? Na karo imebaki ngapi? Miaka minne mizima, hayo mawili. Alipotuambia mahafali yamekaribia, tulikodi matatu na majogoo yakatengwa. Majuma mawili kabla ya siku yenyewe, orodha ya watakaohitimu ikatoka. Jina lake halikuwamo.

Huyo kijana si mlevi wala si mvivu. Somo moja la mwaka wa pili lilikuwa halina alama, ingawa mtihani aliufanya. Somo lingine alikuwa ameingia darasani na kufanya mtihani bila kujiandikisha, kwa hiyo kwa macho ya chuo hakuwahi kulisoma. Wanafunzi wanaiita shida hiyo ya kwanza "mising maksi". Mzee wetu mmoja aliposikia hivyo alidhani ni misingi ya nyumba, na tukicheka, lakini hakukosea sana.

Watatu kati yetu tulipanda gari pamoja naye kwenda huko. Asubuhi tuliambiwa dirisha hili, mchana dirisha lile. Afisi moja ilikataa kabisa kutuonyesha kitu, ikisema mwanafunzi ni mtu mzima na rekodi zake ni zake. Tulikasirika, lakini kusema kweli walikuwa na haki. Kenya ina sheria ya kulinda habari za mtu binafsi tangu 2019. Jioni ndipo karani mmoja alipomgeukia kijana mwenyewe na kumwuliza, "Mshauri wako wa masomo ni nani?" Kijana akanyamaza. Tukaenda kwenye ubao wa idara yake. Pale palikuwa na karatasi ya majina, na jina lake likiwa chini ya mhadhiri fulani, chumba nambari fulani. Alikuwa amepewa mshauri tangu mwaka wa kwanza! Tukamwuliza mbona hakwenda. Akajibu, "Nilidhani huyo ni wa wale walioanguka."

Sisi watu wa mpakani tungepaswa kuelewa jambo hili haraka. Mnaona malori pale Malaba. Dereva mwenye karatasi zote anavuka. Mwenye kukosa muhuri mmoja analala kwenye foleni, hata kama mzigo wake ni mzuri kuliko wa wote. Naye dereva mzoefu hangoji kufika getini ndipo aulize. Amempigia ajenti wake simu akiwa bado njiani. Mshauri wa masomo ndiye mtu wa kuulizwa ukiwa bado njiani.

Ni mhadhiri wa kawaida aliyepewa kundi la wanafunzi awaangalie. Hawezi kumtafuta mtoto wako, maana ana madarasa makubwa na vitabu vya kusahihisha. Mtoto ndiye wa kumtafuta, na ni vizuri aende kabla hajapata shida. Katika juma la kwanza la kila semista aende na orodha ya masomo anayotaka kujiandikisha, waipitie pamoja: yapi ni ya lazima, yapi ya kuchagua, lipi haliwezi kusomwa kabla ya lingine. Semista ikiisha na matokeo yakitoka, ahesabu. Kama alifanya masomo saba, aone alama saba. Ikikosekana moja, asiseme "itakuja". Aende mwezi huo huo, wakati mwalimu bado yuko na karatasi za mtihani bado zipo. Miaka miwili baadaye, mwalimu huenda amehama au amestaafu.

Na asiende mikono mitupu. Aandike barua fupi yenye jina, nambari ya usajili, somo na tarehe ya mtihani. Abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Atunze kadi ya mtihani na karatasi zake za mitihani midogo ya darasani. Kijana wetu alikuwa ametupa zake zote. Kilichomwokoa katika lile somo la kwanza ni sahihi yake kwenye orodha ya waliohudhuria mtihani, ambayo mshauri wake aliifukua kwenye faili ya idara. Lile la pili alilazimika kulirudia lote.

Hapa tuseme tusichanganye afisi. Mshauri si kila kitu. Alama zikikosekana, mshauri atamwandikia au kumpeleka kwa mkuu wa idara, maana huko ndiko zinakokusanywa. Mtoto akiugua au akifiwa, na anataka kuahirisha mwaka, hiyo inaishia kwa msajili wa masomo, na lazima iwe kwa maandishi. Ukiondoka kimya unahesabiwa mtoro. Akilala njaa au akiwa na uzito moyoni, aende kwa mkuu wa wanafunzi, ambako vyuo vingi vina watu wa ushauri nasaha. Mkopo ni wa HELB, ambayo imekuwako tangu 1995, na huombwa upya kila mwaka. Wengine huomba mwaka wa kwanza wakadhani imetosha. Utaratibu wa ufadhili wenyewe ulibadilishwa 2023 na umebishaniwa hadi mahakamani, kwa hiyo sisi wazee tusimfundishe mtoto yale ya wakati wetu. Aulize chuoni.

Kuna na binti yetu mwingine, ambaye hadithi yake haisimuliwi kwa sababu hakukutokea msiba. Aliitwa kusomea ualimu. Rafiki zake wote walikuwa wanachukua Jiografia, naye akataka kuwafuata. Mshauri wake, mama mmoja mkali kidogo, akamwambia alete karatasi yake ya KCSE. Jiografia alikuwa na C. Mama yule akamweleza kwamba TSC, ili kumsajili mwalimu wa sekondari, hutaka C+ kwa jumla na C+ katika kila moja ya masomo yake mawili ya kufundisha. Angemaliza miaka minne, apate digrii yake, halafu asisajiliwe. Binti akabaki na Kiswahili na Dini. Mazungumzo hayo, anasema, hayakuchukua hata robo saa. Sisi tukifikiri ni mabati mangapi yaliokolewa katika robo saa hiyo, tunanyamaza tu.

Kama kozi yenyewe ndiyo haimfai, aseme mapema. KUCCPS, iliyochukua kazi ya ile JAB ya zamani baada ya sheria ya 2012, hufungua kipindi cha kuomba kuhama, na anayehama lazima awe na alama zinazotakiwa na kozi anayoiendea. Kipindi kikifungwa kimefungwa.

Mtatuuliza, je, mshauri akiwa hapatikani? Wako wa namna hiyo, hatutaficha. Mlango umefungwa kila siku, au anamfokea mtoto. Basi aende kwa mkuu wa idara aombe kwa adabu apewe mwingine. Hilo si kosa. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kuanzia Septemba hadi mapema Novemba, na masomo yakaja kubanwa. Nyakati kama hizo ndizo karatasi hupotea, na ndizo za kuuliza zaidi. Awatafute pia wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wanaosoma kozi ile ile, maana wanajua mwalimu gani husikiliza. Ila akitokea mtu anayesema "nipe kitu kidogo nitengeneze hizo alama", akimbie. Alama ya kununua inaweza kumnyang'anya digrii hata baada ya kuvaa joho.

Siku hizi chuo hakiko mbali. Wazee wetu walijua Alupe kwa hospitali ya ukoma. Leo hapo kwenye barabara ya Malaba pana Chuo Kikuu cha Alupe, kilichokuwa chini ya Moi kabla ya kupewa hati yake 2022. Ng'ambo kuna Busitema tangu 2007. Anayetaka kuvuka kwenda Uganda aulize kabla ya kulipa hata shilingi: KCSE yake italinganishwaje huko na baraza lao la mitihani, UNEB, na je, kozi hiyo imeidhinishwa? Hayo mshauri hawezi kuyarekebisha mtoto akishafika mwaka wa tatu.

Kijana wetu alihitimu mwaka uliofuata. Hatukukodi matatu, tulienda wanne. Wale akina mama watatu wameezekewa, wa mwisho mwaka jana. Na kikundi kimekubaliana kwamba anayesaidiwa karo atatuletea, kila semista ikiisha, karatasi ya matokeo kwa hiari yake mwenyewe, na jina la mshauri wake likiandikwa nyuma yake kwa kalamu. Mama mweka hazina ndiye anayezihesabu alama. Yeye aliishia darasa la sita, lakini saba anajua ni saba.

Wenye watoto walioitwa mwaka huu, tubaki kidogo baada ya sala. Njooni na barua ya kuitwa na karatasi ya KCSE, tuzisome pamoja.